Vijana Waliojijengea Uwanja Chini ya Daraja

Kwa mzee anayepunga upepo barazani baada ya sala ya alasiri, ni sauti chache zinazokera kama ile ya ubao wa magurudumu unapopita juu ya sakafu ya saruji. Huanza kama ngurumo ya mbali, hufuatwa na kishindo, kisha kicheko cha vijana, kisha kishindo kingine kikubwa zaidi. Wenyewe huuita skeitibodi. Ni ubao mwembamba wa tabaka za mbao zilizogandishwa pamoja, aghalabu saba, na chini yake mna vyuma viwili vya kubebea magurudumu manne madogo. Hauna breki, hauna usukani, wala hauna mahali pa kujishikilia. Mpandaji husimama juu yake kwa mguu mmoja, akajisukuma kwa mguu wa pili, na yaliyosalia ni mizani ya mwili na uthabiti wa moyo.

Mchezo huu umeingia hata katika Olimpiki. Katika mashindano ya Tokyo, yaliyoahirishwa hadi 2021, binti wa Kijapani mwenye umri wa miaka 13, Momiji Nishiya, alitwaa dhahabu mbele ya macho ya dunia. Hata hivyo, medali si shabaha ya makala haya. Tunataka kuwasimulia wazazi na vijana wa jamii yetu habari ya upande mwingine wa mchezo huu, ambao hauonekani sana katika runinga: namna makundi ya marafiki, katika miji iliyo mbalimbali, walivyokosa mahali pa kuchezea, wakachangishana, wakashika sepetu na karai, wakajijengea wenyewe. Baadhi ya viwanja hivyo vimedumu kwa zaidi ya miaka thelathini. Inafaa kuuliza vilidumuje.

Kwanza tufahamu kwa nini walikosa mahali. Ubao huu ulizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1950, mikononi mwa vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi ya bahari na waliotaka kuteleza barabarani siku ambazo bahari ilikuwa shwari. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa ya chuma, kisha ya udongo uliochomwa, na kijiwe kidogo tu njiani kilitosha kumwangusha mtu kifudifudi. Mapema katika miaka ya 1970 yakapatikana magurudumu ya aina ya plastiki iitwayo poliyurethani, laini kidogo na yenye kushika ardhi vyema, na mchezo ukabadilika. Ukame mkali ulioipiga California mwaka 1976 na 1977 ukaongeza jambo jingine. Watu waliacha mabwawa yao ya kuogelea bila maji, na vijana wakagundua kwamba kuta za mabwawa yale, zilizopinda taratibu kutoka sakafuni hadi kusimama wima, zilikuwa kama wimbi lililogeuka jiwe. Tangu hapo mwinuko uliopinda ukawa ndio roho ya mchezo.

Wafanyabiashara walijenga viwanja vya kulipia vyenye mashimo ya namna hiyo. Havikudumu. Watu waliumia, gharama za bima zikapanda, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimefungwa na hata kubomolewa kwa matingatinga. Kizazi kilichofuata kilikuta ubao upo lakini uwanja haupo. Wakaujia mji: ngazi za maduka, kingo za bustani, viwanja vya mbele ya majengo ya serikali. Miji nayo ikaweka vibao vya kukataza, na askari wa kuwafukuza.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazingira ya mji wa Portland, jimbo la Oregon, mwaka 1990. Mwenye kuujua mji ule atakwambia habari ya kwanza ni mvua. Hunyesha rasharasha kwa miezi, na ubao wa magurudumu na maji haviivani kabisa, kwa kuwa mbao huvimba na magurudumu hukosa kushika. Kwa hiyo vijana walitafuta paa. Paa waliloliona lilikuwa daraja la Burnside, lililojengwa mwaka 1926 kuvuka mto Willamette. Chini ya ncha yake ya mashariki palikuwa na ukuta mrefu, sakafu kavu, na uchafu usiosemeka. Palikuwa mahali pa kulala wasio na makazi na pa kujifichia watumiao dawa za kulevya. Mtu mwenye shughuli zake hakupita pale baada ya magharibi.

Siku za mwisho za Oktoba mwaka ule, kikundi kidogo cha marafiki, miongoni mwao Mark Scott, ambaye wenzake walimwita Red, kilifagia kona moja, kikaokota vioo na sindano, kisha kikamwaga zege kidogo penye makutano ya sakafu na ukuta. Lilikuwa tuta la mshazari tu, la kumwezesha mpandaji kuupanda ukuta kidogo na kushuka. Hawakuwa na ramani, hawakuwa na mhandisi, na wala hawakuwa na ruhusa. Wiki chache baadaye wakaongeza tuta la pili. Kisha mtu akaleta fito za chuma, mwingine akaleta mifuko ya saruji, na inasimuliwa kwamba hata madereva wa magari ya kukoroga zege walipokuwa na masalio mwishoni mwa siku waliyamwaga pale badala ya kwenda kuyatupa. Tuta likawa ukuta uliopinda, ukuta ukawa bakuli, bakuli likaungana na bakuli jingine.

Ruhusa ilikuja nyuma ya kazi, na ilikuja kwa mlango usiotarajiwa. Wenye maghala na biashara za jirani waliona kwamba tangu vijana waanze kushinda pale, vioo vilipungua, wizi ulipungua, na pale palipokuwa panatisha pakawa na watu wanaojulikana kwa sura na majina. Wakawatetea mbele ya halmashauri ya mji. Halmashauri nayo ikaona ni nafuu kuwaacha waendelee. Uwanja ule wa Burnside upo hadi leo, na hujengwa upya kipande kwa kipande na watumiaji wake wenyewe kwa michango yao. Mwaka 1999 ulitiwa ndani ya mchezo wa kompyuta wa mpandaji mashuhuri Tony Hawk, na watoto wa mabara yote wakaujua kwa jina bila ya kujua kwamba Portland iko wapi.

Hapa sitaki kumpotosha msomaji. Kuanza kujenga katika ardhi isiyo yako bila ya idhini ni jambo ambalo lingeweza kuishia mahakamani, na viwanja vingi vya namna hiyo duniani vimevunjwa asubuhi moja tu baada ya jasho la miezi. Burnside iliponea kwa sababu ya majirani. Hata leo haijastarehe: kaunti ya Multnomah, yenye kumiliki daraja, imo katika mipango ya kujenga daraja jipya litakalostahimili tetemeko la ardhi, na hatima ya uwanja ulio chini yake imekuwa sehemu ya mazungumzo hayo. Aliyejenga chini ya paa la mwenziwe hulala akilisikiliza paa.

Jambo jingine lililotokea Portland halikuwa limepangwa na mtu yeyote. Vijana wale waliingia chini ya daraja wakiwa hawajui uwiano wa mchanga na kokoto, wakatoka wakiwa mafundi. Mark Scott na wenzake walianzisha kampuni ya kujenga viwanja iitwayo Dreamland, na Mark Hubbard, aliyetoka katika kundi lile lile la wajenzi, akaanzisha nyingine mjini Seattle iitwayo Grindline. Miji ile ile ambayo ingeliwafukuza ikawa inawatia saini mikataba. Kwa mzazi anayemwona mwanawe akipoteza muda, hii ni habari ya kuwekwa akilini, ingawa si kila anayekoroga zege atafungua kampuni.

Tuhamie pwani ya pili ya Marekani, mji wa Philadelphia, ambako mambo yalikwenda kwa njia tofauti na yakatufunza zaidi. Katikati ya mji ule mna uwanja wa wazi uitwao LOVE Park, uliokuwa na ngazi na kingo za mawe, uliopendwa na wapandaji kiasi cha kuwa mashuhuri ulimwenguni. Wakuu wa mji walitaka waondoke. Mwaka 1996, kwa nia ya kuwapa mbadala, walitenga kipande chini ya barabara kuu iitwayo I-95, ndani ya bustani ya FDR iliyoko kusini mwa mji, wakaweka sakafu na vizuizi vichache vya kuchezea. Wapandaji walipofika walikunja nyuso. Vizuizi vilikuwa vimebuniwa na watu wasiopanda ubao: vifupi pasipofaa, vimekaribiana pasipofaa. Mtu akishakuwa na kasi alikuta ukuta usiomrudisha.

Wangeweza kurejea mjini wakaendelea kukimbizana na askari, na wengine walifanya hivyo. Lakini kundi moja lilibaki. Wakaanza kujenga juu ya kile walichopewa na pembeni mwake, ukuta baada ya ukuta, wakizizunguka nguzo za barabara kama mashua zinavyozizunguka nguzo za gati. Mji haukuwazuia. Baada ya miaka, vile vizuizi vya mwanzo vya serikali vilikuwa ni kijisehemu tu kisichotazamwa, na uwanja wa FDR ukawa ni wa wale waliochubuka viganja kuujenga.

Huko LOVE Park nako kulitukia tukio ambalo sijui kama lina mfano. Edmund Bacon, aliyekuwa mkuu wa mipango ya mji wa Philadelphia kwa miaka mingi na ambaye wazo la uwanja ule lilikuwa lake tangu ujana, aliona marufuku ile ni dhuluma. Oktoba 2002, akiwa na umri wa miaka 92, alikwenda pale mbele ya waandishi wa habari, akavaa helmeti, akapanda ubao wa magurudumu huku ameshikiliwa huku na huku asianguke, akapita nao hatua kadhaa. Marufuku haikuondoka kwa ajili ya hayo. Lakini vijana wa mji ule hawajamsahau mzee aliyekubali kuchekwa kwa ajili yao.

Kwa nini kile kilichojengwa na vijana wenyewe kilishikamana, na kile walichojengewa kikadharauliwa? Jibu rahisi ni kwamba mwenye kuvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana, na jibu hilo ni kweli. Mpandaji anajua kwa miguu yake kwamba pembe ikiwa kali mno kifua hutangulia, na kwamba nafasi kati ya ukuta na ukuta ikiwa fupi hapati kujiweka sawa. Lakini naona liko jambo zito zaidi. Aliyebeba mawe ya msingi anajua kila ufa ulipo, na hataki mtu avunje chupa pale. Mgeni akitupa taka huambiwa aokote, na anayemwambia ni rika lake, hana sare wala kirungu. Ulinzi wa namna hiyo haununuliki kwa zabuni.

Sasa huenda msomaji akauliza: hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Tazama karibu. Katika kitongoji cha Kitintale, mjini Kampala, katikati ya miaka ya 2000, kijana wa pale Jackson Mubiru na rafiki yake kutoka Afrika Kusini, Shael Swart, walikusanya vijana wa mtaa wakajenga kwa mikono yao uwanja wa saruji wenye kuta zilizopinda. Unatajwa kuwa ndio uwanja wa kwanza wa aina yake katika Uganda, na kwao kikazaliwa chama cha wapandaji wa nchi hiyo. Mbao zilikuwa chache, vijana wakapokezana ubao mmoja. Viatu navyo vilikuwa shida, na wapo waliojifunzia miguu mitupu. Mpigapicha wa Uswisi, Yann Gross, alikwenda akakaa nao na picha zake zikauzungusha mtaa ule wa Kampala katika kumbi za maonyesho za Ulaya.

Nairobi, huko Kangemi, katika makao ya watoto ya Shangilia, mna uwanja wa zege uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa msaada wa taasisi ya Kijerumani ya skate-aid na wajenzi wa kujitolea. Addis Ababa ilipata wake mwaka 2016. Kwa Lamu, sitarajii sana. Mji ambao vichochoro vyake vimeumbwa kwa punda na kwa watu wawili wapishane mabega una haki ya kuyakataa magurudumu yote, makubwa na madogo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Amman, mji mkuu wa Yordani. Na kwa sadfa ya kihistoria, Amman nayo iliitwa Philadelphia katika zama za Wayunani na Warumi. Mohammed Zakaria, mwenyeji wa Amman aliyeanzisha huko kampuni ndogo ya mbao za magurudumu kwa jina hilo hilo la kale, alikuwa ameona vijana wenziwe wakifukuzwa kila walipokwenda. Akashirikiana na shirika la Make Life Skate Life, wakatangaza harambee ya mtandaoni, wakachangiwa na watu wa nchi nyingi. Tofauti na Portland, hawa walibisha hodi kwanza: manispaa iliwapa nafasi ndani ya bustani ya umma. Desemba 2014 wajenzi wa kujitolea kutoka nje na vijana wa Amman walimwaga uwanja wa mita za mraba 650, ukaitwa 7Hills, yaani Vilima Saba, ambavyo ndivyo mji ule uliasisiwa juu yake.

Majuma yaliyofuata yaliwaleta watoto ambao hakuna aliyekuwa amewahesabu. Amman ina wakimbizi wengi, Wapalestina, Wairaki, Wasyria, na pia Wasudani na Wasomali ambao mara nyingi hawaonekani katika habari. Uwanjani waliazimwa mbao na helmeti, wakafundishwa na vijana wa kujitolea, na zikatengwa nyakati za wasichana. Jambo la nyakati za wasichana halikuwa la kupamba taarifa. Wazazi waliuliza, wakajibiwa, wakawaleta binti zao. Katika Palestina pia, kijijini Asira karibu na Nablus, uwanja ulimwagwa mwaka 2015 na wenyeji pamoja na wajenzi wa kujitolea wa shirika la SkatePal, na huko pia watoto wa kike walishika ubao bila ya kijiji kupasuka.

Vijana watakaosoma haya watataka kujua kazi yenyewe hufanywaje. Niseme kwa ufupi, maana kila mtaa una fundi mwashi, naye atayajaza yaliyobaki.

Tuchukue ukuta mdogo wa kuanzia: kimo sentimita 90, upana mita 2.4. Mpindo wake huchorwa kwa msumari na kamba. Kamba ya mita 2.1 hufungwa kwenye msumari, ncha yake ya pili hufungwa penseli, na tao likachorwa juu ya vipande viwili vya mbao bapa, vikakatwa sawasawa. Hivyo ndivyo kalibu, kimoja kila upande. Katikati hujazwa kifusi, mawe na matofali yaliyovunjika, kikashindiliwa hadi kisitikisike. Msingi ukilegea, ukuta utapasuka katika msimu wa kwanza wa masika. Juu ya kifusi hutandikwa wavu wa chuma ulioinuliwa kidogo kwa vijiwe ili uzame ndani ya zege, usikae chini yake.

Zege lenyewe liwe na unene wa sentimita 10. Kwa ukuta huu mdogo hiyo ni karibu nusu mita ya ujazo, na uzito wake unapita tani moja. Kwa kipimo cha karai moja ya saruji, mbili za mchanga na tatu za kokoto, itahitajika mifuko minne ya saruji ya kilo 50. Maji yawe haba, kiasi cha lita 25 kwa mfuko, pungufu iwapo mchanga umelowa. Zege la majimaji ni rahisi kukoroga, lakini halitakaa juu ya mpindo. Litateremka lote chini kama uji. Kisha ubao mnyofu huburutwa juu ya vile kalibu viwili kutoka chini kwenda juu, mpindo ukapatikana. Hufuata kulainisha kwa bao la mti, kungoja zege likaze kidogo, na mwisho mwiko wa chuma, mara mbili au tatu, mpaka uso ung'ae. Ukingoni mwa juu hulazwa bomba la chuma lenye unene wa sentimita sita hivi, likatokeza milimita chache tu mbele ya zege, na magurudumu huligusa bomba hilo yakalia mlio ambao wapandaji wanaupenda kuliko muziki.

Pwani yetu ina masharti yake. Mchanga wa ufuoni usitumike hata ukiwa bure mlangoni, kwa sababu chumvi yake hula chuma kilichomo ndani, na chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege. Tumieni mchanga wa mto. Jua letu nalo hulikausha zege kabla halijapata nguvu, kwa hiyo kazi ianze baada ya sala ya alfajiri, na ukuta ukishamalizika ufunikwe kwa magunia yaliyolowa, yanyunyiziwe maji kwa siku saba. Zege hufikia nguvu yake inayotegemewa baada ya siku 28. Kijana atakayeleta ubao siku ya tatu azuiliwe, na hapo ndipo urafiki hupimwa.

Utaona kwamba hii si kazi ya mtu mmoja. Tani ya zege haikorogwi na mtu mmoja kwa sepetu akamaliza kabla jua halijalikaza, na kazi haiwezi kukatishwa nusu ikaendelezwa kesho, kwa kuwa zege bichi halishikamani vyema na lililokauka. Wanaokoroga, wanaobeba karai, wanaonyoosha na wanaolainisha ni watu tofauti, na wote lazima wawepo siku ile. Wakazi wa pwani wanaijua siku hiyo. Ni kama siku ya kumwaga dari ya nyumba, mabarobaro wa mtaa wanapojipanga na karai ikapita mkono kwa mkono hadi juu, na kina mama wakapika chungu cha pilau kwa ajili ya wafanyakazi. Vijana wetu hawahitaji kwenda Oregon kujifunza namna ya kualikana kazini.

Wanachohitaji ni mahali, na hapo ndipo penye uzito. Viwanja vya wazi katika miji yetu vinazidi kumezwa na majengo, na kile kipande kinachoonekana hakina mwenyewe kwa kawaida kinaye. Huenda ni cha umma, huenda ni cha mtu aliyehamia ng'ambo, huenda ni wakfu wenye sharti la aliyeutoa. Kuuliza kwanza ni adabu, na pia ni hesabu nzuri, kwa maana mifuko minne ya saruji ikimwagwa pasipo idhini ni fedha iliyowekwa chini ya nyundo ya mwenye ardhi. Idhini iwe ya maandishi, itaje muda, itaje nani atafagia na nani ataulizwa mtu akiumia.

Maana wataumia. Kuchubuka magoti ni jambo la kila siku, kuvunjika kifundo cha mkono hutokea, na kichwa ndicho cha kuogopewa. Helmeti isiwe hiari kwa watoto. Wazee wa mtaa nao wana haki ya utulivu wao: uwanja ulio mita chache kutoka dirisha la mgonjwa au mlango wa msikiti utazua ugomvi hata ukijengwa vizuri namna gani, na saa za kucheza ziandikwe ukutani tangu siku ya kwanza.

Anayetaka kuanza kidogo kabisa hahitaji hata zege. Ukingo mmoja wa saruji ulionyooka, uliosuguliwa kwa nta ya mshumaa ili uteleze, pamoja na sakafu iliyofagiwa na nyufa zake kuzibwa, unawatosha vijana watano kwa mwaka mzima. Marafiki wa Portland walianza kwa kufagia.